Star Trek, Doctor Who, Babylon 5: kabla ya kubishana kipi "kikubwa duniani", tuangalie nakala iliyofika

Fremu_25 (mleta mada)

Wakuu, mjadala wa vipindi vya runinga vya sayansi ya kubuni, Star Trek na Doctor Who, au Babylon 5 na Deep Space Nine (ya familia ya Star Trek), ukishachangamka huishia palepale: "Chetu kinatazamwa dunia nzima." Zinamwagwa takwimu za sehemu, miaka hewani na idadi ya nchi. Takwimu zenyewe mara nyingi ni sahihi. Kinachosahaulika ni kwamba watazamaji wa ng'ambo hawakuletewa kipindi kilekile kilichorushwa nyumbani. Waliletewa nakala fulani, za misimu fulani, nyingine zimekatwa, nyingine zimewekewa sauti mpya, zikapangwa saa ambayo kituo kiliona inafaa. Walichopenda au kukataa ni hicho kilichowafikia.

Chukueni Star Trek. Ilianza kwenye mtandao wa runinga wa Marekani NBC tarehe 8 Septemba 1966, ikafutwa 1969 ikiwa na sehemu 79. Kampeni ya barua ya mashabiki Bjo na John Trimble iliisaidia kupata msimu wa tatu, lakini NBC ikaupanga Ijumaa saa 4 usiku, wakati vijana walioipenda hawako nyumbani. Ukubwa wake ulikuja baada ya kufutwa. Haki ziliuzwa kwa vituo vya miji, kimoja kimoja, navyo vikairusha kila siku ya kazi badala ya mara moja kwa wiki. Sehemu 79 kwa siku 5 za wiki zinaisha ndani ya wiki 16, kisha kituo kinaanza upya. Aliyekosa sehemu leo anaikuta tena baada ya miezi minne. Mashabiki wa miaka ya 1970 walizijua sehemu hizo kwa majina kwa sababu ya mzunguko huo.

Na hata hiyo "mara ya kwanza" si ya Marekani. CTV ya Kanada ilitangulia kwa siku mbili, tarehe 6 Septemba.

Doctor Who ilipita njia nyingine kabisa. BBC waliianza tarehe 23 Novemba 1963. Mwaka 1972 kampuni ya Time-Life ilichukua sehemu 72 za Jon Pertwee, mwigizaji wa Daktari wakati huo, kuziuza Marekani, na soko likawa dogo. Mwaka 1978 zikaja 98 za Tom Baker, aliyempokea Pertwee, misimu yake minne ya kwanza. Hizi zilipachikwa sauti ya mwigizaji Howard Da Silva, anayekumbusha yaliyopita mwanzoni na kudokeza yajayo mwishoni. Ili sauti hiyo ipate nafasi, sehemu ya dakika 25 iliondolewa hadi dakika 3. Kwa hiyo Mmarekani anayesema "njama za Baker hazieleweki" huenda anasema kweli kuhusu alichokiona yeye.

Wenye maelezo ya nchi nyingine karibuni. Tafadhali leteni tarehe, kituo na kilichobadilishwa.

SautiYaPili

Mleta mada umegusa penyewe. Niongeze Ujerumani Magharibi, maana huko uamuzi wa studio ya sauti ulibadilisha hata tabia za wahusika.

Kituo cha ZDF kilianza kurusha Star Trek tarehe 27 Mei 1972 kwa jina Raumschiff Enterprise. Kilichagua sehemu 39 tu kati ya 79 na kuziweka Jumamosi jioni mapema, saa ambayo watoto wako mbele ya runinga. Saa hiyo ndiyo iliyoamua mengine yote. Angalieni sehemu ya "Amok Time". Katika asili Spock, afisa wa chombo mwenye asili ya sayari ya Vulcan, anashikwa na hali ya kimaumbile ya Wavulkani inayomlazimisha arudi kwao kuoana, la sivyo atakufa. Tafsiri ya Kijerumani ikaifanya homa ya angani, na pambano lake na nahodha Kirk likageuzwa ndoto ya mgonjwa. Picha zilikuwa zilezile, kisa kikawa kingine. "Patterns of Force", yenye sayari iliyoiga utawala wa Kinazi, haikurushwa kabisa, ikabaki nje ya runinga za kawaida kwa miongo kadhaa. Sehemu nyingi zilizobaki zilikuja kuwekewa sauti na Sat.1 miaka ya 1980.

Kitu kingine ambacho mashabiki wa Star Trek hukisahau: Wajerumani hawakuwa wakisubiri waletewe chombo cha angani. Tarehe 17 Septemba 1966, siku tisa baada ya NBC, kituo kingine cha huko, ARD, kilianza Raumpatrouille, hadithi ya chombo Orion. Sehemu 7 tu, nyeusi na nyeupe. Kwenye meza yake ya mitambo kuna pasi ya nguo iliyofungwa kama kifaa cha kuendeshea, na ukiijua ilipo huwezi kuacha kuiona. Mashabiki wa Orion na wa Enterprise, chombo cha Star Trek, wakawa watani wa jadi, na anayesema "Orion iliiga" inabidi aeleze ingewezekanaje kwa tofauti ya siku tisa, bahari ikiwa katikati.

Jirani_wa_Zuhali

Japani nao wana lao. Kwenye sauti za Kijapani za Star Trek, Sulu wa usukani anaitwa Kato, na mhandisi Scotty anaitwa Charlie. Ukiona mashabiki wa Kijapani wanamtaja Charlie wa chumba cha injini, usiwasahihishe. Ndivyo alivyoitwa masikioni mwao tangu mwanzo.

MlinziWaSanduku

Uingereza ndiko ushindani wa Star Trek na Doctor Who ulikokuwa wa ana kwa ana, na sababu ni ratiba. Doctor Who ilimaliza hadithi ya "The War Games" Jumamosi tarehe 21 Juni 1969. Wiki tatu baadaye, Jumamosi tarehe 12 Julai, BBC1 ikaanza Star Trek jioni ileile, siku nane kabla Apollo 11 haijatua mwezini. Doctor Who ikarudi Januari 1970, ikiwa na rangi kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtoto wa Kiingereza hakulazimika kuchagua kati ya vipindi viwili vinavyorushwa wakati mmoja, kwani kimoja kilikalia kiti cha mwenzake. Naona ndiyo maana huko mashabiki wengi ni wa vyote viwili, ilhali Marekani Doctor Who ilikaa kwenye vituo vya umma vya PBS, chini ya paa jingine.

BBC nao walikata. "The Empath", "Whom Gods Destroy" na "Plato's Stepchildren" hawakuzirusha, na "Miri" waliirusha mara moja, mwaka 1970, ikaleta malalamiko, wakaifungia. Zote nne zilikaa kabatini hadi miaka ya 1990. Kizazi cha pili cha Star Trek, The Next Generation, nacho kilipatwa: "The High Ground" ina mstari mmoja wa Data, mhusika aliye roboti, unaotaja Ireland kuungana mwaka 2024 baada ya mapambano ya silaha. Kwa mstari huo tu, BBC walikaa hadi 2007 ndipo wakaionyesha bila kukatwa.

Kaseti_Mbili

Naomba kuuliza. Kuna watu wanasema nakala za Ulaya za Star Trek zimekatwa kwa sababu dakika zake ni pungufu. Ni kweli zote?

Fremu_25 (mleta mada)

@Kaseti_Mbili hapana, na kosa hili limezua ugomvi mwingi sana. Nieleze polepole.

Star Trek ya 1966 ilipigwa kwenye filamu ya milimita 35, fremu 24 kwa sekunde. Runinga za mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya, zinaonyesha fremu 25 kwa sekunde. Njia rahisi kwa kituo ni kuiendesha filamu kwa 25 badala ya 24. Inakimbia asilimia 4 zaidi, sauti za watu zinapanda kidogo, na muda unapungua bila kukatwa hata fremu moja. Kanuni: zidisha muda wa asili kwa 24, gawanya kwa 25. Dakika 50 zinakuwa 48.

Kutofautisha kasi na mkasi, chukua nakala mbili na utafute matukio matatu yanayotambulika kirahisi, kama mlango kufunguka au mlio wa kengele ya hatari. Tuseme kwenye nakala ya Marekani yako dakika ya 10, ya 25 na ya 40. Kwenye PAL yanapaswa kuwa 9:36, 24:00 na 38:24. Tofauti inakua pole kwa pole: sekunde 24, dakika 1, dakika 1 na sekunde 36. Hiyo ni kasi tu. Lakini ukikuta mawili ya kwanza yako sawa halafu la tatu liko 36:54, basi kuna dakika moja na nusu imetolewa kati ya tukio la pili na la tatu. Rudi hapo katikati, utafute mahali muziki unaporuka.

Tahadhari mbili. Kwanza, hakikisha nakala zote mbili zinaanzia mahali pamoja. Zima matangazo na utangulizi wa kituo, anza kuhesabu kwenye picha ya kwanza ya kipindi chenyewe, la sivyo utapata tofauti ya sekunde kadhaa tangu mwanzo na utadhani ni mkasi. Pili, hesabu hii ni ya filamu tu. Doctor Who ya miaka ya 1970 kwa kawaida ilirekodiwa studio kwa mkanda wa video, mistari 625 na fremu 25. Kuipeleka Marekani, penye mistari 525 na fremu 30, hakukuwa suala la kuongeza kasi, kulihitaji mtambo wa kubadili mfumo. Muda unabaki uleule. Kinachoharibika ni mwendo: mtu anayetembea anaacha kivuli nyuma yake.

MlinziWaSanduku

Na kivuli hicho kinaweza kuondolewa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2005 hadithi ya Doctor Who, "The Claws of Axos", ilitolewa kwenye DVD baada ya baadhi ya sehemu zake, zilizokuwa zimebaki kwa mfumo wa Kimarekani tu, kurudishwa kwenye mistari 625 kwa programu inayochambua jinsi mtambo wa zamani ulivyochanganya fremu. "The Daemons" ilirudishiwa rangi mwaka 1992: picha safi zilichukuliwa kwenye filamu nyeusi na nyeupe, rangi zikachukuliwa kwenye kaseti ya Betamax iliyorekodiwa hewani Marekani. Rangi za kipindi cha Kiingereza zilikuwa zimehifadhiwa na mtazamaji wa ng'ambo.

Jirani_wa_Zuhali

Hapo umefungua mlango wa sehemu za Doctor Who zilizopotea. Mashabiki wa Star Trek hujivuna kwamba kwao hakuna hata moja. Kwa nini upande mmoja upoteze na mwingine usipoteze?

MtunzaNegativu

Ni suala la kitu kilichorekodiwa, na mkataba.

Mkanda wa video wa inchi 2 ulikuwa ghali na unarekodika upya. BBC walipoona hakuna tena haki ya kurudia kipindi, walifuta na kutumia mkanda kwa kazi nyingine. Filamu haifutiki, na Star Trek ilikuwa filamu tangu mwanzo, kwa hiyo negativu zilikaa. Hata hivyo si kwamba upande huo haukuponea chupuchupu. "The Cage", sehemu ya majaribio ya kwanza, ilikatwa vipande kutengeneza "The Menagerie". Kaseti ya 1986 ilichanganya rangi na nyeusi-nyeupe, na ikaonekana nzima kwa rangi mwaka 1988 tu, baada ya vipande vilivyokosekana kupatikana.

Sasa soko la ng'ambo. Vituo vingi vya nje havikuuziwa mkanda wa video, kwa sababu kila nchi ilikuwa na mitambo yake. BBC walielekeza kamera ya filamu kwenye skrini maalumu na kupata nakala ya milimita 16, ambayo kituo chochote chenye projekta ya kurushia filamu kiliweza kuitumia. Haki ya kurusha ikiisha, kituo kilitakiwa kufanya moja kati ya matatu: kuirudisha London, kuiharibu, au kuipeleka kwenye kituo kinachofuata. Nakala moja iliweza kuzunguka nchi kadhaa. Popote ambapo agizo halikutekelezwa, kipindi kiliokoka.

Ndivyo "The Tomb of the Cybermen" ilivyopatikana Hong Kong, ikatangazwa mwaka 1992. Na ndivyo Philip Morris, mtafutaji wa vipindi vilivyopotea, alivyozikuta filamu katika kituo cha runinga cha Jos, Nigeria: sehemu 9 ambazo hazikuwepo tena popote, 5 za "The Enemy of the World" na 4 za "The Web of Fear", zikatangazwa Oktoba 2013. "The Web of Fear" bado inakosa sehemu ya 3. Kwa hiyo mtu akisema soko la Afrika halikuwa na maana kwa Doctor Who, mwambie bila makabati ya Jos hakuna ambaye angeitazama "The Enemy of the World" nzima leo.

Kituo_cha_Tano

Nilikuwa nasubiri zamu ya Babylon 5, kwa sababu ushindani wake na Deep Space Nine ndio mkali kuliko wote, na una msingi.

J. Michael Straczynski, mtunzi wa Babylon 5 (B5), aliipeleka hadithi yake Paramount, studio ya Star Trek, mwaka 1989. Paramount hawakuichukua. Januari 1993 Deep Space Nine (DS9) ikaanza, hadithi ya kituo cha angani. Februari 1993 filamu ya kwanza ya Babylon 5 ikarushwa, hadithi ya kituo cha angani. Ugomvi ukaanza siku hiyohiyo na haujaisha. Mwishowe DS9 ilifika sehemu 176 kwa misimu 7, B5 sehemu 110 kwa misimu 5.

Walioishusha joto ni waigizaji wenyewe. Walter Koenig, aliyecheza Chekov kwenye Star Trek, alikubali kumcheza Bester kwenye B5. Mwaka 1996 Majel Barrett, mjane wa Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, akacheza katika "Point of No Return", sehemu ya B5, kwa nia ya wazi ya kuwaonyesha mashabiki kwamba hakuna haja ya kuchukiana. Kwangu hilo ndilo tendo zuri zaidi katika historia ya ugomvi huu.

Ng'ambo inaingia hivi. Channel 4 ya Uingereza ilianza B5 mwaka 1994. Marekani sehemu za mwisho za misimu ya 2 na ya 3 ziliwekwa akiba hadi vuli. Channel 4 haikusubiri. Ghafla Waingereza wakawa wanaujua mwisho wa msimu miezi kabla ya Wamarekani, na wote walikuwa kwenye vikundi vilevile vya majadiliano vya Usenet mtandaoni. Ikabidi adabu mpya izaliwe: kichwa cha ujumbe kitaje jina la sehemu, kisha mistari mitupu ya kujaza skrini nzima, 24 hivi, ndipo maelezo yaanze chini. Ilivunjika mara kwa mara kwa sababu ndogo: anayejibu alinakili ujumbe wa mwenzake na kufuta mistari mitupu ili ujumbe uwe mfupi, na siri ikatokea juu kabisa.

Straczynski mwenyewe alikuwa akiandika humo, na likazuka tatizo la kisheria. Shabiki alitaja wazo linalofanana na kisa alichokuwa amekipanga, kile cha "Passing Through Gethsemane". Ikabidi akiweke kando hadi shabiki huyo alipotia saini kwamba hadai kitu. Baadaye kikaundwa kikundi chenye wasimamizi, mawazo ya visa yakawa yanazuiwa mlangoni.

SautiYaPili

@Kituo_cha_Tano na hoja ya ubora wa picha? Wa DS9 huwa wanaitumia sana.

Kituo_cha_Tano

Wanaitumia vibaya. Waigizaji wa B5 walipigwa kwenye filamu yenye nafasi ya picha pana, lakini vyombo vya angani vilitengenezwa kwa kompyuta, mwanzoni Amiga zenye Video Toaster na LightWave, kwa umbo la 4:3. DVD zilipotolewa kwa picha pana, sehemu za kompyuta zilikatwa juu na chini kisha zikakuzwa, zikawa na ukungu. Kila palipo na mwigizaji na bastola ya mwanga pamoja, picha nzima inashuka ubora ghafla. Toleo lililosafishwa la 2021 likarudi kwenye 4:3, na ndilo la kutafuta.

DS9 ina tatizo lake. Ilipigwa kwenye filamu lakini ikahaririwa kwenye video, kama The Next Generation. The Next Generation ilirudiwa kutoka filamu kuanzia 2012, athari zake zikaunganishwa upya moja moja. DS9 haijafanyiwa hivyo. Kwa hiyo hakuna upande wenye picha ya kujivunia hapa.

Kaseti_Mbili

Na Battlestar Galactica? Nasikia Waingereza walitangulia tena.

Kituo_cha_Tano

Ndiyo, na safari hii haikuwa ajali. Sky ya Uingereza ilichangia gharama, ikapata kutangulia: Sky One ilianza msimu wa kwanza tarehe 18 Oktoba 2004, Sci Fi ya Marekani tarehe 14 Januari 2005. Pengo la siku 88 kwa msimu wa sehemu 13. Zikarekodiwa na kusambazwa mtandaoni kwa BitTorrent, na Wamarekani wengi wakaiona kabla haijarushwa kwao. Wakati wa B5 ilivuja habari ya kisa tu. Hapa kilivuja kipindi chenyewe.

MlinziWaSanduku

Ndiyo maana baadaye ikawa kurusha kwa pamoja. "The Day of the Doctor", tarehe 23 Novemba 2013, ilirushwa wakati mmoja katika nchi 94. Mwaka 2024, chini ya mkataba na Disney+, sehemu mpya zilitoka saa 6 usiku Uingereza ili mashariki mwa Marekani iwe saa 1 jioni. Mashabiki wa nyumbani hawakuupenda mpango huo, na naelewa kwa nini: kipindi cha Jumamosi jioni cha familia kiliamshia watu usiku ili kilingane na soko la nje. Mkataba ukaisha 2025 baada ya sehemu 26.

Kaseti_Mbili

Asanteni wakuu. La mwisho: Star Trek ya 1966 niianze kwa mpangilio upi, wa NBC au wa BBC?

Fremu_25 (mleta mada)

Wa BBC, angalau kwa sehemu ya kwanza. NBC walianza na "The Man Trap" kwa sababu ina zimwi. BBC walianza na "Where No Man Has Gone Before", ambayo ndiyo iliyotengenezwa mapema zaidi kati ya zilizorushwa msimu ule, ingawa NBC waliirusha ya tatu. Ukiiona ya tatu utachanganyikiwa: sare ni tofauti, McCoy hayupo na daktari ni Piper, Uhura hayupo. Ukiianza nayo kila kitu kinakaa mahali pake. Ukifika kwenye kaburi ambalo Gary Mitchell anamwandalia Kirk, simamisha picha usome jiwe. Limeandikwa James R. Kirk, maana T ilikuwa bado haijaamuliwa.